Joseph Thomson, Laiboni wa Meno ya Bandia

Mwanadamu ana tabia ya ajabu: hupenda kutishwa, maadamu ana hakika kwamba hatadhurika. Ndiyo maana bibi zetu walipotusimulia usiku habari za majini na mazimwi tulijifunika shuka gubigubi, lakini hapana hata mmoja wetu aliyewaomba wanyamaze. Wazungu nao, kwa kuwa kila kitu hukifanyia biashara, wameijengea tabia hiyo majumba. Katika bustani za starehe za Marekani na Ulaya zimo nyumba za mizuka, ambamo mtu hupandishwa kigari kidogo kinachojiendesha gizani, akazungushwa vyumbani mwa maiti na masanamu, akapiga mayowe yake yote, kisha akateremshwa upande wa pili mzima, anacheka.

Mpwa wangu mmoja aishiye California amewapeleka wanawe katika nyumba ya namna hiyo iliyomo katika bustani ya Disneyland, ambayo ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka 1969. Alipokwenda Ufaransa akaiona na dada yake ya Paris, iliyofunguliwa pamoja na bustani yake mwaka 1992. Akaniandikia kuzilinganisha. Wanawe, asema, hupenda ile ya California kwa sababu ya chumba ambacho kuta zake huonekana kurefuka kwenda juu, ilhali kwa hakika ni sakafu ishukayo pamoja na watu wake. Na kwa sababu ya nyuso za mawe ambazo huwageukia wapitao, kumbe hazigeuki, zimechongwa ndani badala ya nje, na jicho ndilo linalojidanganya. Yeye mwenyewe hupenda zaidi ile ya Paris, kwa kuwa ina huzuni; hadithi yake ni ya bibi arusi aliyepokonywa bwana wake siku ya harusi.

Zote mbili zina ukumbi wenye mizuka inayocheza dansi, ambayo mtu huiona wazi na papo hapo huona viti nyuma yake. Siri yake ni kioo kikubwa kisicho na doa, kilichosimamishwa mbele ya watazamaji. Masanamu yamefichwa mahali pasipoonekana. Taa ikiyamulika, kivuli chao cha mwanga huangukia kiooni, na mtazamaji hudhani wamo ukumbini. Hila hiyo si ya jana. John Henry Pepper aliionyesha London mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862, juu ya wazo la mhandisi Henry Dircks, na hata leo mzuka wa kioo huitwa kwa jina la Pepper.

Mpwa wangu alinimalizia barua yake kwa kuniuliza, mimi mjomba wake, ni nyumba ipi ambayo ningeipenda. Nilimjibu kwamba kiini macho nikipendacho kuliko vyote hakina kuta wala kigari. Kilifanywa katika nchi yetu hii mwaka 1883, chini ya jua la mchana, na mtu aliyekuwa na vifaa viwili tu: meno ya bandia na chumvi ya Eno. Mtu huyo ni Joseph Thomson, na maisha yake yafaa kusimuliwa upya, kwani wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya swala mdogo wa mbugani na ya maporomoko ya Nyahururu, tusijue zaidi.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, huko Scotland, kwa baba mchonga mawe. Labda ni kwa sababu ya kazi ya baba yake kwamba alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh alijifunza elimu ya miamba. Alipokuwa na miaka ishirini tu, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimwajiri kuwa msaidizi wa Keith Johnston, aliyetumwa kutafuta njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa. Waliondoka pwani mwezi wa Mei 1879. Kabla ya miezi miwili kutimia, Johnston alikufa kwa tumbo la kuhara damu mahali paitwapo Behobeho, na kijana wa miaka ishirini na mmoja akabaki na msafara mzima mikononi mwake.

Hapa wasomaji wangu wa pwani ningependa watue kidogo. Msafara ule haukuokolewa na kijana yule peke yake. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Chuma, yule yule Myao ambaye pamoja na wenzake walikuwa wameubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Chuma aliijua njia, alijua lugha, alijua lini hongo itolewe na lini mtu ajifanye hana kitu. Thomson alikuwa na akili ya kumsikiliza. Walifika Nyasa, wakafika Tanganyika, na mwaka 1880 wakarudi pwani. Tangu hapo Thomson akajivunia jambo moja ambalo wasafiri wenziwe wengi hawakuweza kujivunia, nalo ni kwamba alipita katika nchi za watu pasi na kumwaga damu yao.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri kwenda mto Ruvuma kutazama mawe meusi ambayo watu walidhani ni makaa. Sultani alikuwa na meli za moshi, na makaa yake mwenyewe yangemfaa sana. Thomson alikwenda, akaona, akarudi na habari kwamba si makaa yafaayo kitu. Sultani hakupendezwa. Lakini mtaalamu ni yule asemaye lililopo, na katika jambo hili kijana alikuwa mkweli. Nalitaja kwa kusudi, maana mtu huyu huyu mkweli wa mawe ndiye atakayekuwa mwongo wa meno.

Mwaka uliofuata ile Jumuiya ya London ikamtaka atafute njia fupi ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kwa kupasua katikati ya nchi ya Wamasai. Misafara ya waungwana wa Pangani na Mombasa ilikuwa ikienda huko miaka mingi kutafuta pembe, lakini ilikwenda kwa mamia ya watu na bunduki, na bado ilitetemeka. Thomson alipata watu zaidi ya mia, wengi wao wale ambao wengine walikuwa wamewaacha, kwa kuwa Mjerumani Gustav Fischer alikuwa amekwisha kutangulia na kuchukua walio bora. Alikuwa na baharia wa Malta aliyeitwa James Martin, alikuwa na Muinyi Sera na Makatubu wa kuwaongoza watu, na mizigo ya shanga, seng'enge na nguo. Waliondoka Rabai mwezi wa Machi 1883.

Safari ya kwanza ilishindwa. Fischer alikuwa amegombana na Wamasai, damu ikamwagika, na Thomson alipofika nyuma yake aliikuta nchi imechafuka. Usiku mmoja akakunja mahema akarudi Taveta. Alipoingia tena, aliingia akiwa amejiunga na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Na hapo ndipo alipoanza mchezo wake.

Aliona kwamba Wamasai hawamwogopi mwenye bunduki kama wanavyomcha laiboni, yaani mtu mwenye uwezo wa kuona yaliyofichika na kubariki au kulaani. Basi akajitangaza kuwa yeye ni laiboni wa Wazungu. Ushahidi ulikuwa kinywani mwake. Alikuwa na meno mawili ya bandia. Alikuwa akiwakusanya wazee na vijana wa vita, akayagonga meno yale kwa kifundo cha kidole ili waone kwamba yamekaa imara, akageuza kichwa kidogo, na alipowarudia, pengo. Akageuka tena, na meno yamo. Watu walirudi nyuma kwa mshangao, nao walikuwa watu wasiorudi nyuma mbele ya simba.

Kisha akaleta Eno. Wasomaji wataniwia radhi nikicheka hapa, kwani ni Eno ile ile inayouzwa dukani kwa pakiti, tuinywayo usiku wa harusi baada ya pilau kutuelemea. Ni magadi laini na unga wa asidi. Vikikutana na maji hutoa hewa, na hewa ile ndiyo ipandishayo povu. Lakini kwa mtu ambaye hajapata kuona maji baridi yakichemka bila moto, ile ilikuwa dawa yenye uhai. Thomson aliwatengenezea wagonjwa na wagumba, na kwa kuwa kwa Wamasai kutemewa mate na mtu mwenye heshima ni baraka, akawatemea mate wote waliokuja kuomba. Walikuja wengi.

Kwa hila hizo, na kwa hongo nyingi, na kwa uzoefu wa Jumba Kimameta, alipita Naivasha, akapanda Laikipia, akayaona maporomoko ambayo kwa miaka mingi yaliitwa kwa jina lake, akateremka Baringo, akavuka uwanda wa Uasin Gishu na nchi ya Kavirondo, na mwezi wa Disemba 1883 akalitazama Ziwa. Wakati wa kurudi aliyaona mapango ya mlima Elgon. Mwisho wa mwaka ule nyati alimpiga pembe ya paja, na baadaye kuhara damu kukamlaza wiki nyingi hata watu wake wakamkatia tamaa. Walimbeba. Mwezi wa Mei 1884 alifika tena pwani, akiwa mifupa na ngozi.

Alipewa nishani ya dhahabu mwaka 1885, akatoa kitabu chake cha safari ile, na katika mwaka huo huo Rider Haggard akatoa hadithi yake ya machimbo ya Mfalme Suleiman, ambayo ndani yake yumo Mzungu anayewashangaza Waafrika kwa meno ya bandia. Thomson hakukosa kuiona sura yake pale. Tangu hapo kiini macho chake kimekuwa mali ya dunia nzima: Mzungu mwerevu, mtu mweusi aliyeduwaa. Kimesomwa na watoto wa shule, kimetiwa katika sinema, na wengi hawajui kwamba kilianza na kijana mmoja mwenye njaa katika nchi ya Kenya.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria bingwa wake wa mazingaombwe, Robert-Houdin, awashinde masharifu na mashekhe wa huko kwa maajabu. Alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto aliweza kuliinua. Kisha alimwita jitu la mtu, akamwambia kwamba amemnyang'anya nguvu zake, na jitu lile likashindwa kulitikisa. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Tofauti ni kwamba Robert-Houdin alitumwa na serikali makusudi ili Waislamu wale waache kuasi, na Thomson alitumia meno yake ili apite salama. Lakini mwisho wa njia zao ulikuwa mmoja.

Namtendea haki Thomson. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto kuandikiana mkataba na Sultani wa huko kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, na aliyoyaona katika miji ya Waislamu yalimfanya aandike mwaka 1886, katika jarida moja la London, kuisifu kazi ya Uislamu katika Afrika na kuilaumu biashara ya pombe ya Wazungu. Wasomi na wamisionari wa kwao walibishana naye. Alitembea Morocco mwaka 1888. Mwaka 1890 Cecil Rhodes akamtuma Katanga. Ndui ikauangukia msafara, akarudi bila kufika. Mapafu yake hayakupona tena. Alikufa London tarehe 2 Agosti 1895, ana miaka 37.

Sasa wako watakaoniuliza, kwa nini namkumbuka mtu huyu leo. Sababu yake ni Kericho.

Mwaka jana nilipanda kwenda huko kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, afanyaye kazi katika kiwanda cha chai, aliyeoa binti wa Kikipsigis wa upande wa Bomet. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba hata usione mashina; huona vichwa vya wachumaji na vikapu vyao vikielea, bila miguu, na mara mtu mzima huchomoza mbele yako kama aliyetoka kiooni. Nikasema moyoni kwamba Pepper hana la kuwafundisha watu wa nchi hii. Mkwe wetu, mzee wa makamo ya kuheshimiwa, alinikuta nimesimama pale akanichukua tutembee, na katika mazungumzo nikamtajia Thomson.

Thomson hakukanyaga Kericho. Alipita kaskazini, na watu wa huku aliwasikia tu kwa jina la Lumbwa, ambalo hata stesheni ya reli iliitwa hivyo kabla ya kuwa Kipkelion. Lakini mzee aliijua habari ya meno. Akaniambia kwamba kwao pia walikuwako watu wa aina ile ambayo Thomson alijifanya kuwa mmoja wao. Huitwa orkoiyot, nao ni wa ukoo wa Talai. Kimnyole, orkoiyot mkuu wa Wanandi, aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, na simulizi husema kwamba kabla ya kufa alitabiri nyoka wa chuma atakayetoka baharini akitema moshi. Mwanawe mmoja, Koitalel, alibaki kwa Wanandi, akaipinga reli, na mwaka 1905 akapigwa risasi na ofisa wa Kiingereza aliyemwendea kwa jina la mazungumzo ya amani. Mwana mwingine, Kipchomber arap Koilegen, alikimbilia kwa Wakipsigis akawa orkoiyot wao. Yeye na nduguze walipelekwa uhamishoni mwaka 1914, naye hakurudi.

Hayo hayakutosha. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa malaiboni, ikauzoa ukoo mzima wa Talai, mamia ya watu, wazee kwa watoto wachanga, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa, penye mbung'o na malaria. Wengi walikufa huko. Waliobaki walirudi uhuru ulipokuwa unabisha hodi, wakaikuta ardhi ya jamaa zao imekwisha kuwa mashamba. Makampuni makubwa ya chai yalikuwa yameingia Kericho tangu miaka ya 1920. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza juu ya malalamiko yao.

Kosa lao Talai liliandikwa kuwa uchawi na kuwadanganya watu. Hapa ndipo nilipoyaona meno ya Thomson kwa jicho jingine. Mwaka 1883 Mzungu alijiita laiboni, akawadanganya watu wazima kwa kipande cha mfupa na unga wa dukani, akapewa nishani ya dhahabu. Miaka hamsini na mmoja baadaye, malaiboni wenyewe waliadhibiwa kwa kuitwa waongo. Ramani aliyoichora Thomson ndiyo iliyoonyesha kwamba Mombasa hadi Ziwa panapitika. Baadaye kampuni ikaja, baada ya kampuni reli, baada ya reli walowezi. Kiini macho kilipita mbele, na nyuma yake yakapita mambo ambayo hayakuwa kiini macho.

Mzee hakumkasirikia Thomson. Alisema, kwa utulivu wao wa milimani, kwamba mtu anayetoa meno ni afadhali kuliko anayetoa bastola, na kwamba yeye angemkaribisha maziwa. Lakini akaongeza kwamba Wamasai hawakuwa wajinga. Walimtoza hongo kila hatua, na laiboni wa kweli hapimwi kwa kinachotoka kinywani mwake mara moja, bali kwa mvua na vita na magonjwa ya miaka mingi. Waliomshangaa mgeni walimshangaa, hawakumfuata.

Mimi niliyesoma chuoni nilikumbuka kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni. Wale waliroga macho ya watu kwa kamba na fimbo. Na ilipodhihiri haki, wa kwanza kusujudu hawakuwa watazamaji. Walikuwa wachawi wenyewe, kwa kuwa mwenye fani ndiye ajuaye mwisho wa fani yake. Thomson aliujua mwisho wa yake. Ndani ya hema, usiku, waliompikia na kumfulia bila shaka waliyajua meno yale yalikolala, wakanyamaza, kwa kuwa roho zao pia zilikuwa juu ya meno mawili.

Basi mpwa wangu nimemwandikia hivi: nyumba za California na za Paris ni halali yao, maana aingiaye ameingia kwa hiari, anajua kwamba atadanganywa, na mlangoni atarudishiwa akili zake. Huo ni mchezo. Mchezo wa Thomson ulikuwa wa hodari, ulikuwa na huruma ndani yake, na naupenda kuliko yote. Lakini mmoja tu wa wachezaji ndiye aliyejua kwamba ni mchezo. Mwenziwe hakupewa mlango wa kutokea. Wajukuu wa malaiboni wa Kericho wangali wanautafuta mlango huo hadi leo, katikati ya chai.